Matobolwa ya Pimbi

Kizimba cha kulia kilikuwa na kelele na cha kushoto kilikuwa kimya, na Eliwaza Msengi alikuwa amefika mahali pa kuuchukia ukimya ule. Kulia, pimbi walitafuna mabua ya mtama, vijiti na vipande vya matobolwa, mataya yakienda upande upande bila haya. Kushoto, ndugu zao wa tumbo moja walilamba rojo. Walilamba wakamaliza, wakapangusa pua, wakabaki wanamkodolea macho yeye mwenye bakuli.

Alimtoa mmoja wa kushoto, akamviringisha kwenye kitambaa kama mtoto wa mgongoni na kumweka chini ya taa ya mifupa. Picha ikatokea ukutani. Taya lilikuwa jembamba, magego ya nyuma yamebanana, moja limegeuka ubavu kwa kukosa pa kukaa. Akamweka wa kulia. Taya nene, magego yametulia kila moja na nafasi yake. Mama mmoja, baba mmoja, ziwa moja.

Watu hudhani mfupa ni jiwe. Mfupa wa anayekua ni udongo ambao haujaingia tanuri. Mnyama akitafuna kitu kigumu, misuli huuvuta, na pale unapovutwa ndipo unapojiongeza. Asipotafuna, meno huja na ukubwa uleule yaliyopangiwa tangu tumboni, yakakuta nyumba imejengwa ndogo. Na kazi hiyo ina umri wake. Ukishapita, mlishe kokoto ukipenda, taya halikui tena. Waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa na taa ya mifupa, lakini hawakukosea.

Kazi hii aliianza kwa ajili ya pimbi wenyewe. Mwambani, mji uliochimbwa ndani ya majabali ya Singida baada ya maziwa ya chumvi kukauka na upepo kuanza kubeba sumu, ulikuwa unajiandaa kurudi nje. Vumbi lilikuwa linatulia. Baraza likaamua watangulie pimbi, maana ndio wenyeji wa mawe yale. Likafunguliwa kundi zima, wanono, waliozaliwa ndani na kulelewa kwa rojo. Baadaye walikutwa wamekufa njaa, majani yamejaa mdomoni. Eliwaza, daktari wa wanyama, akaambiwa atafute sababu. Akapewa vizimba viwili vyenye kichujio chake cha hewa, na gunia la matobolwa kutoka akiba ya zamani, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa enzi za watu kuanika vitu juani.

Sababu aliipata mapema mno. Kilichomshinda kilikuwa kusimama ukumbini watoto wa shule wakipita, midomo wazi, wakihema kama waliopanda kilima, na kujifanya anaona watoto tu. Nao walilelewa kwa rojo, chakula kilichokuwa na kila kitu isipokuwa kazi.

Alirudisha pimbi vizimbani. Akatia mkono kwenye gunia, akatoa vipande viwili vya matobolwa, akavifunga kwenye pindo la khanga, pale bibi yake alipokuwa akifunga ugoro. Halafu akaenda nyumbani, na njia nzima mkono wake ulikuwa juu ya lile fundo.

*

Mchana, mitambo ya hewa ilipopunguza mwendo na kila mtu kuambiwa apumzike, binti yake Tumsifu alikuwa tayari ameketi kitandani. Alikwisha kulowesha kitambaa na kukitandika mapajani. Alikuwa na miaka minane na aliijua kazi yake.

"Funga mdomo," Eliwaza alimwambia akimpa kipande. "Upande wa kushoto kwanza."

"Upande huo umechoka tangu jana."

"Ukichoka ndiyo unafanya kazi."

Tumsifu alitafuna. Chumba kilikuwa kidogo, na ule mlio ulimfanya Eliwaza atazame mlango. Mwambani hapakuliwa kitu kikavu. Watu hawakuwa wapumbavu, walikuwa na sababu. Zamani kidogo, chenga za mahindi ya kukaanga na pumba zilijaa na kuziba kichujio cha hewa cha Ukumbi wa Juu. Watu wa ukumbi ule walilala na hawakuamka. Tangu hapo ikawekwa Amri ya Chenga: kila chakula kisagwe, kipikwe, kiwe rojo. Anayevunja amri huhamishiwa Langoni yeye na nyumba yake, kwenye vyumba vya mwisho ambako vumbi la chumvi bado linapenya, na watoto wa Langoni walikuwa wakikohoa damu.

"Mama," Tumsifu alisema, shavu limejaa. "Siwema naye ana yake?"

"Siwema ana mama yake."

"Lakini mama yake hana pimbi."

Eliwaza alimpangusa kidevu kwa kitambaa chenye maji. Sababu zake alizipanga tena moyoni kama alivyozipanga kila siku. Gunia lilikuwa dogo. Akisema mapema, Baraza lingetaka ushahidi zaidi ya pimbi, na kusubiri kizazi kingine cha pimbi kungewapitisha watoto umri. Akisema kwamba ushahidi upo, upo pale kitandani umevimba shavu, angempeleka mwanawe Langoni. Zilikuwa sababu nzuri zote, na hakuna hata moja iliyomwacha alale.

"Usimwambie Siwema," alisema.

"Najua," Tumsifu alijibu, na akahamia upande wa kulia bila kuambiwa.

*

Zamda, mama yake Siwema, alipiga hodi jioni ileile, mwanawe kamshika mkono. Nyumba zao zilitazamana. Walijifungua wiki moja, wakapokezana watoto kama watu wanavyopokezana chumvi. Zamda alikuwa msafishaji wa vichujio vya safu yao. Aliiomba mwenyewe kazi hiyo baada ya Mrisho, mumewe, kuwa mmoja wa wale wa Ukumbi wa Juu.

"Mama Tumsifu, nimekuletea mgonjwa."

"Shoga yangu, wagonjwa wangu mimi ni wa miguu minne."

"Huyu akilala anavyokoroma, utadhani anayo minne."

Siwema alicheka, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Eliwaza akamkalisha chini ya taa, akamwomba afunue. Aliona alichojua atakiona. Kaakaa lilikuwa limebanwa pande zote na kupanda juu, likaiminya njia ya pua. Meno mapya yalikuwa yanatoka mbele na nyuma ya wenzao kama watu wanaogombea bomba la maji. Alimwambia apumue kwa pua. Mtoto alijaribu, kifua kikapanda, akaachia mdomo.

"Zahanati wanataka kumng'oa manne," Zamda alisema. "Mazima. Wanasema mdomo umejaa. Hivi jino zima mtu unang'olewaje, mwenzangu?"

"Wanapunguza msongamano."

"Na hata wakipunguza, wanasema kukoroma kutabaki. Usiku anakatika pumzi kabisa. Namtikisa ndiyo anarudi." Zamda alishusha sauti ingawa Siwema alikuwa palepale. "Niambie ukweli. Ni mimi? Nilimwachisha ziwa mapema. Mrisho alipokufa maziwa yalikata, nikampa rojo akiwa hajaota hata jino. Mama mkwe anasema kwao hakuna mwenye mdomo huu. Ananiangalia hivi, unajua anavyoangalia."

Eliwaza alikuwa na sentensi mbili mdomoni. Moja ilikuwa ya kweli, na nyuma yake lilikuwepo Lango. Tumsifu alikuwa amesimama pembeni, meno yake yamepangana kama punje za hindi, akimtazama mama yake kuona atachagua ipi.

"Ni ya kurithi tu, Zamda," alisema. "Haya mambo hutokea. Wewe huna kosa."

Zamda alishusha pumzi ndefu. Machozi yalimlenga akayafuta kwa mgongo wa mkono, akacheka kidogo kwa aibu.

"Basi. Ahsante, jirani. Hilo nilikuwa naamka nalo na kulala nalo." Alimvuta Tumsifu akampapasa shavu. "Huyu wako kajaliwa. Kichujio chenu nitakipitia kesho asubuhi na mapema, wala usijisumbue kukifungua."

Walipoondoka, Eliwaza alikaa kitandani. Roho ilimsuta. Alikuwa amemwondolea rafiki yake lawama isiyokuwa yake, na rafiki yake amemshukuru kwa hilo.

*

La kuvunda halina ubani. Siku mbili baadaye, Eliwaza akiwa anajiandaa kwenda barazani kesho yake na taarifa ya pimbi, watoto wawili wakicheza nyuma ya pazia, kelele za mchezo zilikatika. Halafu Tumsifu akaita. Hakupiga kelele. Aliita "Mama" mara moja, na sauti ile ilimnyanyua Eliwaza kabla hajajua kwa nini.

Siwema alikuwa amepiga magoti, mikono kooni, midomo inaingia rangi ya majivu. Hakukuwa na pumzi wala kikohozi. Eliwaza alimlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akampiga katikati ya mabega kwa kiganja. Akapiga tena. Alikuwa akisema maneno, baadaye hakuyakumbuka. Kitu kikaruka sakafuni, na mtoto akavuta hewa kwa mlio mbaya, kisha akalia, na kulia kwake kukawa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia.

Zamda alikuwa mlangoni. Alimnyakua mwanawe akamkumbatia. Kisha, kwa mazoea ya kazi, macho yake yakatafuta kile kilichoanguka. Akatoa kitambaa chenye maji kiunoni, akakiokota. Kilikuwa kizima, hakina alama hata ya jino. Mtoto hakujua kutafuna. Alikiweka mdomoni akakimeza kama anavyomeza rojo.

Zamda alikinusa. Alikaa nacho puani muda, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu.

"Matobolwa," alisema.

"Nilimpa langu," Tumsifu alisema kwa machozi. "Nilitaka na yeye taya lake likue. Mama anasema lazima litafunwe kabla mtu hajawa mkubwa."

Zamda aliwakalisha watoto nje ya mlango, akarudi, akafunga.

"Tangu lini?"

"Tangu alipong'oka jino la kwanza."

"Miaka yote hiyo." Zamda alitikisa kichwa taratibu. "Na mimi chenga nilikuwa nazikuta kwenye kichujio chako. Nikasema ni za pimbi, anakuja nazo nguoni, maskini, ndiyo kazi yake. Nikawa nasafisha kabla mkaguzi hajapita. Chenga, Eliwaza. Mimi."

Alimwita kwa jina. Hakuwa amemwita kwa jina tangu wazae.

"Nisamehe."

"Uliniambia ni kurithi."

"Nilikudanganya."

"Nikaenda kumwambia mama mkwe ni damu yao. Yule mzee alilia. Akasema basi ni yeye, mamake marehemu naye alikuwa na mdomo mdogo." Zamda alikaa kwenye kiti. "Kumbe mwanangu alikuwa ananyimwa kitu cha kutafuna."

Eliwaza alisubiri kofi. Alilitaka. Alitaka kelele, majirani, mkaguzi, chochote ambacho kingeichukua kazi hii mikononi mwake. Zamda alitazama mlango, akasogeza kiti karibu.

"Gunia limebaki kiasi gani?"

"Chini ya nusu."

"Linatosha wawili?"

Eliwaza hakuelewa mara moja. Alipoelewa, naye alitazama mlango.

"Kwa shida," alisema.

"Basi kesho barazani usitaje watoto. Omba muda wa pimbi wako, watakupa. Siwema atakuja hapa mchana, utamfundisha taratibu, vipande vidogo. Kichujio mwachie mwenye kazi."

"Zamda, chenga ndizo zilizomuua Mrisho."

"Mrisho kafa. Huyu anakatika pumzi mikononi mwangu."

"Na watoto wengine?"

Zamda alisimama, akakunja kile kitambaa, tobolwa likiwa ndani, akakichomeka kiunoni.

"Wengine wana mama zao," alisema.

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana. Eliwaza aliisikia sentensi yake mwenyewe ikirudi kwa sauti ya mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa mwanamke aliyemjua kwa kugawa hata dawa ya mwanawe. Kofi lingeuma kidogo kuliko hilo. Siri yake haikuwa imemfanya yeye peke yake kuwa mtu mdogo. Sasa ilikuwa inaambukiza, na angeiacha, ingehama nyumba hadi nyumba mpaka gunia liishe.

*

Mzee Nkungi, mwenyekiti wa Baraza, hakuwa mtu wa kupenda kusikia sauti yake. Yeye ndiye aliyebeba maiti za Ukumbi wa Juu, na tangu siku hiyo hakuwahi kukaa mbali na tundu la hewa. Alizitazama picha za pimbi zote, akauliza maswali ya maana, akazirudisha, akabaki na karatasi ya maelezo.

"Nimekuelewa, Daktari. Kwa pimbi nimekuelewa. Watalishwa vigumu kabla ya kutoka. Unahitaji muda wa kizazi kingine, chukua." Akavua miwani. "Ila naona hapa mwisho ulikuwa umeandika watoto, ukafuta."

Eliwaza alimtafuta Zamda kwa macho. Alikuwa kwenye benchi la wasafishaji, Siwema ubavuni pake, Tumsifu katikati yao. Zamda alitikisa kichwa kidogo sana. Keti, kilisema kichwa kile.

"Niliandika, Mzee."

"Ungesema nini?"

"Kwamba ni kitu kilekile. Sisi wote humu tuliokulia nje tuna meno yaliyotulia. Watoto waliozaliwa ndani hawana."

Ukumbi ulinong'ona. Mzee Nkungi aliwaacha wanong'one.

"Watoto wetu hawajaona jua," alisema kwa upole. "Hewa yao ni ya mashine. Mambo mangapi yanawapungukia? Mimi siwezi kurudisha chenga kwenye hewa ya watu kwa sababu ya taya la pimbi. Kama angekuwapo mtoto mmoja, aliyezaliwa humuhumu, asiye na jua kama wenzake, ila katafuna, hapo tungeongea. Lakini hayupo."

Hapo ndipo alipotakiwa kuketi. Miguu ilikuwa tayari imeanza kukunjika. Alifikiria kikohozi cha Langoni, akakisikia kifuani mwa mwanawe, na hofu ilimjaa mpaka masikioni. Kisha akapiga moyo konde.

"Yupo," alisema. "Tumsifu, njoo mama."

Mtoto alikuja. Ukumbi mzima ulimtazama akipita, mdomo umefungwa, akihema kwa pua, na wazazi kadhaa wakageuka kuwatazama wa kwao. Eliwaza alifungua pindo la khanga. Fundo likagoma, akalifungua kwa meno.

"Ni mwanangu. Nilikuwa naiba chakula cha pimbi na kumpa. Nilijua, na sikusema, nikaacha watoto wenu wakue hivyohivyo. Wengine wameshapita umri, na hao siwezi kuwarudishia kitu. Mpimeni. Langoni nitakwenda leo, naomba tu yeye asihesabiwe kosa langu." Akampa tobolwa. "Tafuna, wakusikie."

Tumsifu alisita, maana hapakuwa na kitambaa cha kukinga chenga. Halafu akatii.

Mlio ule ulifika mpaka nyuma. Koo za wazee zikashuka na kupanda, mate yakiwajaa kwa kitu walichokisahau. Watoto waliulizana ni nini hicho kinacholia. Mwanamke mmoja upande wa kushoto alianza kulia, akainuka, akasema jina la mwanawe na neno la kumlaani Eliwaza. Eliwaza alilipokea bila kuinamisha uso.

Mzee Nkungi alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukuta karibu na tundu la hewa. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Chenga hizo," alisema. "Chenga hizo, jamani. Nani atazibeba?"

Hapakuwa na aliyejongea. Punje moja ilidondoka kidevuni mwa Tumsifu, na kila mtu akaiona ikidondoka. Mtoto akaacha kutafuna, macho yakamtoka kwa woga.

Zamda alimwachia Siwema benchi, akainuka. Alipita katikati ya watu bila haraka, akatoa kiunoni kitambaa chake chenye maji, akapiga goti mbele ya Tumsifu na kukitandaza chini ya kidevu chake kwa mikono miwili. Eliwaza alikuwa karibu naye kiasi cha khanga zao kugusana, lakini Zamda hakumgeukia.

"Tafuna, mwanangu," alisema. "Nimekinga."